Mlango wa Mama Raheli

Katika nyumba yetu kila kitambaa cha kufunikia mikate ya Sabato kina tundu. Usidhani ni panya. Wengi wamedhani hivyo, na mke wa mfua shaba aliwahi kuniletea mtego, maskini, akijua ananisaidia. Tundu liko pale pale siku zote, chini ya kuba la kaburi la Mama Raheli lililodariziwa katikati, ukubwa wake kama ukucha wa kidole gumba, na limezungushiwa hariri nyeupe ili lisifumuke.

Juzi mjukuu wangu Simha, mwenye miaka tisa na ulimi wa miaka arobaini, alichomeka kidole humo akaniuliza, "Nona, huu mlango mbona hamuufungi? Au mlikuwa na haraka?"

Nikamwambia ndiyo, tulikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa yangu mimi. Nikamwambia nitamwandikia, maana nikimsimulia kwa mdomo atanikatiza kila nikivuta pumzi. Haya, Simha, nimeandika. Lakini kwanza nitegulie hiki: kijana wangu wa chuma, anawavisha watu wote na mwenyewe anatembea uchi. Umekipata? Sindano, naam. Hicho kilikuwa kitendawili cha mama yangu Rekula, na habari hii ni yake kuliko yangu.

Nililetwa Yerusalemu nikiwa na miaka kumi na saba, kutoka Manisa, mji wa zabibu, kuolewa na Behor mshona viatu, ambaye wewe unamjua kwa picha tu, yenye masharubu. Siku hizo Sultani bado yupo na garimoshi la Yafa bado linakimbiliwa na watoto. Mama yangu hakuja arusini. Alikuwa mjane mwenye nyonga mbovu, na kupanda meli kwake ilikuwa kama kupanda mlima. Alinisindikiza mpaka kituoni akaniambia, "Tangulia, Oro. Mimi nakuja. Nitaubusu Ukuta wa Hekalu, nitaingia kwa Mama Raheli nimweleze mambo yangu, ndipo nife nikipenda." Kila Pasaka sisi sote husema mwakani Yerusalemu. Mama yangu alikuwa akisema hivyo huku analitazama sanduku lake, kama mtu ambaye ameshalifunga.

Mama mkwe wangu aliitwa Bulisa Zimbul. Mfupi, mwenye kidole cha shahada kigumu kama kwato kwa miaka ya kuchomwa na sindano. Kazi yake ilikuwa kudarizi vitambaa vya Sabato vyenye mahali patakatifu: juu Ukuta na miberoshi yake, upande huu Pango la Makpela la Hebroni, upande ule makaburi ya manabii, na katikati kabisa kaburi la Mama Raheli, mke wa Yakobo, na kuba lake na mzeituni wake. Mahujaji waliondoka navyo kwenda Izmiri, Sofia, Bukhara, popote penye Myahudi na mikate miwili mezani. Michoro yote ilikuwa kwenye karatasi moja nene aliyoachiwa na mama yake, iliyotobolewa kwa sindano kufuata kila mstari. Ukiilaza juu ya kitani na kuisugua kwa unga wa makaa, mchoro unashuka chini, vidoti vidoti, kama sisimizi wamepanga foleni. Karatasi ile hakuigusa mtu ila yeye. Mwaka wangu wa kwanza nilishona pindo tu, na majani ya mzeituni siku akiamka vizuri.

Vitendawili hakuvipenda. Nikitega, anasema, "Mimi nina pindo sita za kumaliza. Sema jibu nipumzike."

Basi, kiangazi kile ikaja barua kutoka Manisa. Mama hakujua kuandika, jirani ndiye aliyemwandikia. Ilisema: "Oro, mtoto wa jicho amenifunga jicho la kushoto kabisa. La kulia bado linaona kidogo, linaelekea kubaki na mwanga na kivuli tu, na daktari anasema nalo lina miezi. Sitakuja tena, mwanangu, hilo nimeshalilia nikamaliza. Lakini nisikie. Kama unaweza, nishonee Yerusalemu yote kwenye kitambaa. Nikikiweka juu ya mikate yangu Ijumaa, nitakuwa nimefika. Ila fanya upesi, nikitazame kabla jicho halijafunga."

Nilimsomea mama mkwe barua ile mara mbili. Alikuwa anachambua dengu, hakuinua kichwa. Alipomaliza dengu akaenda kabatini, akarudi na ile karatasi, akaniwekea magotini.

"Shona mwenyewe," akasema. "Yote. Mimi nitatazama tu."

Nikashona miezi mitatu. Mama mkwe alinifundisha kuweka pamba chini ya hariri, ili mawe ya Ukuta yavimbe kidogo. "Jicho likifunga," alisema, "kidole kitayahesabu." Niliyashona mawe thelathini na mawili, moja moja. Bwana Merkado, mfanyabiashara wa zabibu wa Manisa kwetu, alikuwa anakuja kuhiji kwenye Sikukuu ya Vibanda, na ndiye angekibeba kitambaa kurudi nacho. Alikuja, akala kwetu, akasali, akabusu kila jiwe, akatuambia, "Garimoshi langu ni Jumapili alfajiri. Mzigo wangu naufunga Ijumaa kabla ya mishumaa, maana Sabato sifungi, na Jumamosi jioni mimi ni mtu wa kulala. Kisipokuwamo Ijumaa, hakipo. Kingoje mtu mwingine, mwakani."

Mwakani! Jicho la mama yangu halikuwa na mwakani.

Sasa ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Mwezi wa Eluli, kabla ya mwaka wetu mpya, tulikuwa tumekwenda kwa Mama Raheli, njia ya Bethlehemu, wanawake tupu kwenye gari la farasi, tunaimba, mayai ya kuchemsha mikononi. Kama ilivyo desturi ya kuombea watoto, mama mkwe alizungusha uzi mwekundu kaburini mara saba, akaukata vipande, na kipande kimoja akanifunga mimi mkononi. Nilikuwa nimeolewa mwaka na miezi miwili, tumbo bado bapa kama sahani. Alifunga mafundo matatu, na fundo la tatu alilibusu. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kubusu vitu.

Wiki ya mwisho nilipofika kwenye mlango wa kaburi, wazo likanijia, tamu kama asali. Mlango wa Mama Raheli ushonwe kwa nini, kama si kwa uzi wa Mama Raheli mwenyewe? Mama yangu hatafika kuligusa kaburi, basi kitu kilicholigusa kaburi kimfikie yeye. Nikaufungua uzi mkononi, nikatafuta sindano nene, nikaushona mlango mwekundu, umesongamana kabisa, umejaa. Sikumwambia mtu. Nilitaka kushangaza watu, Simha, na mtu anayetaka kushangaza watu haulizi.

Ijumaa asubuhi, sufuria ya Sabato imeshapelekwa tanurini, nikakitandaza kitambaa mezani.

"Mama, njoo uone."

Akaja anajifuta unga. Akautazama Ukuta, akatikisa kichwa kukubali. Akautazama mzeituni. "Mnene," akasema, "lakini hata yeye amekula sikukuu." Halafu akainama katikati. Akaugusa mlango kwa kile kidole chake cha kwato, akaukwaruza. Kisha hakuuliza habari ya kitambaa. Aliushika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu.

"Uko wapi uzi wako?"

Nikacheka kwa furaha. "Huo hapo! Mlangoni! Nimempelekea Mama—"

"Uzi niliokufunga mimi."

"Ndiyo, Mama. Uliozunguka kaburi mara saba."

"Wa sufu."

Hapo ndipo ubongo wangu uliporudi nyumbani kutoka matembezini. Kitambaa ni kitani. Uzi ni sufu. Hata wewe, Simha, ulifundishwa hayo kabla ya kuota meno ya mbele: sufu na kitani hazikai katika nguo moja, Torati imekataza, kwisha. Hariri juu ya kitani, sawa. Pamba, sawa. Sufu, hapana.

"Labda ni pamba, Mama," nikasema. "Yule bibi anayesokota pale kaburini ni mzee, labda anachanganya."

Mama mkwe akachomoa ncha ya uzi chini ya kitambaa, akaikata, akaiweka juu ya kaa la moto jikoni. Ikajikunja. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa nyumba nzima.

Vida, jirani yetu wa ua mmoja, akachungulia dirishani. "Nani anachoma kuku na manyoya yake?"

"Mkwe wangu anachoma akili zake," mama mkwe akajibu. "Endelea na samaki wako."

Saa nne ilikuwa imeshapita. Nikavaa shali yangu nikasema nakwenda kwa Hahamu Shemtov, mwalimu wetu wa Torati, kuuliza. Mama mkwe akasema jibu analijua bila kupanda ngazi za mtu. Nikapanda mimi, ngazi thelathini na mbili, nazikumbuka kwa sababu zililingana na mawe yangu. Niliomba Mungu katika kila ngazi amlainishe.

Hahamu alikuwa uani anakata kucha kwa ajili ya Sabato, kichwa kimefungwa taulo. Alinisikiliza vizuri. Alikipenda kitambaa, akakigeuza huku na huku.

"Si nguo, Hahamu," nikamwambia. "Hakivaliwi. Kinafunika mikate tu. Mkate hausikii baridi."

Akatabasamu. "Hoja hiyo si mbaya. Hata kuhusu sanduku la Torati na pazia lake kuna waliosema maneno kama hayo. Sasa niambie wewe. Mama yako atakipokea Ijumaa, atafunika mikate, ataondoa, ataweka kabatini. Sivyo?"

Ningesema sivyo? Ningesema ndiyo? Nikamwona mama yangu, pale jikoni Manisa, amekishika.

"Hapana, Hahamu," nikasema. "Atakiweka magotini. Atakiweka shavuni. Atalala nacho, namjua."

"Basi umejibu wewe mwenyewe, binti yangu. Kinachompasha mtu joto ni nguo." Akanirudishia taratibu. "Kingekuwa cha mtu asiyekipenda, ningekaa nacho nikafikiri mpaka Jumatatu. Fumua. Ufumue wote, usibaki hata unywele. Na umpe mama mkwe wako salamu, mwambie hakuna aliyekufa."

Nilirudi nikafumua. Oh, Simha, laiti ningeshona ovyo kidogo! Nilikuwa nimeshona kwa mapenzi yote, uzi umekunjwa mara mbili, umevutwa ukavutika, na sufu ile yenye vinyweleo ilikuwa imekwishashikana na kitani kama ndugu. Saa sita ikapita. Saa saba. Behor akarudi na mayai ya kahawia, akanitazama usoni, akayaweka mezani akatoka tena bila kuuliza kitu. Mume mwenye akili. Vipande vya uzi nikavipanga juu ya sahani, kumi na kimoja, vyekundu, vifupi. Vikabaki vinyweleo katikati, vimezama. Nikachukua mkasi mdogo, niviinue.

Nikasikia *krrt*.

Nilikuwa nimekata kitani. Nyuzi tatu, nne, katikati ya mlango. Nikajaribu kuvuta ili nitengeneze, zikakimbia zaidi. Mbele yangu palikuwa na kuba zuri, mzeituni mnene, kuta za kaburi nyeupe, na pale mlangoni kidonda, unaona meza kupitia humo.

Sikulia kwa sauti. Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, mikono imelala. Nilikuwa nikimwona Bwana Merkado anafunga mzigo wake, kamba inakaza, kitambaa hakimo. Niliiona meza ya Manisa, na mama yangu anaigeuzia kila sauti ya mlango kile kijicho chake kimoja. Mwaka mzima angengoja. Na jicho lingefunga nikiwa bado nashona kitambaa cha pili.

Mama mkwe alikuja akasimama juu yangu. Nilingoja maneno. Alikuwa na haki ya kusema yoyote: uzi wake aliobusu, karatasi ya mama yake, miezi mitatu ya hariri.

Akakiinua kitambaa juu, akakitazama kwa dirisha.

"Tukiweka kiraka," akasema, kama anajisemea, "kitakuwa mlango uliofungwa. Mama yako amengoja miaka hamsini. Aje akute umefungwa?" Akakaa kwenye kiti chake. "Inuka. Lete hariri nyeupe, ile nyembamba. Umevunja mlango, haya, tuuache wazi. Lakini uwe mlango, usiwe shimo."

"Mama, mikate itaonekana."

"Itaonekana. Itachungulia nje kama Vida. Lete hariri!"

Akayakata mwenyewe mabaki ya nyuzi, akayasawazisha yakawa umbo la mlango, na tao juu. Kisha tukashona, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto, vichwa vyetu vimegongana karibu, tunazungusha hariri kwenye ukingo, kitanzi baada ya kitanzi, ili usifumuke tena. Sijawahi kukaa karibu naye kiasi kile. Alinuka iliki na sabuni. Tulipofika juu kwenye tao, sindano zikakutana, akasema bila kunitazama:

"Ule uzi, uliutoa ukampa mama yako. Na wewe tumbo lako?"

"Nilidhani Mama Raheli ataelewa," nikasema.

"Yeye ataelewa. Mimi ndiye niliyekasirika." Akavuta uzi. "Nimeshamaliza kukasirika. Kata hapo."

Halafu akachukua ile sahani. Vipande vyote kumi na kimoja akaviunga kwa mafundo, kimoja baada ya kingine, ukawa uzi mmoja wa ajabu, mwingi wa mafundo kuliko uzi. Akaufunga ndani ya karatasi yake peke yake, mbali na kitani. "Huu atavaa mkononi. Hapo hakuna Hahamu atakayekataza."

Bwana Merkado alifika saa kumi, amevaa tayari kanzu ya Sabato, mkononi kamba ya mzigo. Akakikunjua kitambaa, akakisifu, akakisifu, akafika katikati.

"Bulisa Zimbul," akasema polepole, "kimeliwa na panya."

"Panya gani anapinda ukingo kwa hariri?"

"Hapana, sikilizeni. Mimi namfahamu Rekula. Majirani wote wa Manisa watakaa pale siku nikifika. Watasema Merkado amekichoma kwa sigara! Nitakaa wapi mimi? Nitauza zabibu kwa nani?"

Tukamwapia, hakukubali. Ikabidi Behor akae aandike, kwa mwandiko wake mzuri wa kuandika saizi za miguu, kwamba mimi Behor nashuhudia kuwa tundu lililo katika kitambaa hiki limeshonwa Yerusalemu kwa makusudi, na Bwana Merkado hahusiki nalo kwa sigara wala kwa njia nyingine yoyote. Bwana Merkado akaisoma mara mbili, akaiweka kifuani. Tulisikia mtu wa sinagogi akipita njiani anabisha milango, Sabato, Sabato, na Bwana Merkado akakimbia akafunge mzigo, kitambaa kimo chini ya koti lake. Mama mkwe akawasha taa. Nilikula mayai matatu usiku ule, kwa njaa ya siku nzima.

Kisha kikaja kimya. Mwezi wa kwanza nilijiambia meli. Wa pili nilijiambia posta. Ikaja Hanuka, tukawasha taa zote nane, hakuna barua. Nilianza kuota kwamba wamekikunjua kitambaa mbele ya wanawake wa Manisa, nao wanacheka kwa viganja mdomoni, na mama yangu anauliza, "Kuna nini? Mnacheka nini?"

Barua ilifika mvua za mwisho zikinyesha, karibu na Purimu, pamoja na mfuko wa zabibu. Tuliketi jikoni. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Nikasoma kwa sauti.

"Oro, mwanangu. Kitambaa kimefika, na barua ya mumeo kuhusu sigara, imetuchekesha wiki nzima. Merkado anaibeba mpaka leo. Nilikuwa nimechelewa kidogo. Kilipofika, jicho halikuona tena rangi wala mistari. Mawe ya Ukuta nimeyahesabu kwa kidole, thelathini na mawili. Mzeituni wako umeshiba. Sasa nina kitendawili, na sikupi jibu, ukinijua utanitegulia. Ijumaa ya kwanza nilikishika mbele ya dirisha, jua linatua. Akaingia mgeni kwa Mama Raheli. Hakubisha hodi, hakusukuma mlango. Nikamwona. Ni nani?

"Uzi wako naurudisha. Nimeuvaa miezi mitatu, nimeuombea. Mimi nimeshazaa, wewe bado. Mamako Rekula."

Ndani ya barua uzi ulikuwepo, na mafundo yake yote.

Nikakaa na kitendawili kile. Nikasema ni Mungu. Nikasema ni malaika. Nikasema ni mimi mwenyewe, ndoto, paka. Nilikuwa nalia kwa sababu alichelewa, kwa sababu Ukuta wangu na kuba langu na rangi zangu zote hakuziona, na kichwa chenye machozi hakitegui kitu.

Mama mkwe aliacha kupepeta. Ungo ukabaki hewani.

"Mwanga," akasema.

"Nini, Mama?"

"Mgeni. Ni mwanga, we mtoto! Jicho lake si linaona mwanga tu? Amekiinua kitambaa dirishani, kitambaa kizima ni giza kwake, hariri giza, kitani giza, halafu pale katikati..." Akachomeka kidole chake cha kwato hewani, kama wewe juzi, Simha. "Amekiona. Ameuona mlango."

Tukatazamana. Katika kitambaa chote, mawe, miberoshi, manabii, miezi mitatu, kitu pekee ambacho mama yangu alikiona kwa jicho lake ni pale mkasi wangu ulipokosea.

Mama mkwe akaweka ungo chini. Akaniita kwa mkono, akaufunga ule uzi wenye mafundo kwenye kifundo cha mkono wangu. Haukutaka kufungika vizuri, kwa jinsi ulivyojaa mafundo, akalazimika kujaribu mara tatu. Nilikaa nao mpaka mama yako alipozaliwa, mwaka uliofuata, wiki mbili baada ya Sikukuu ya Vibanda, na tukamwita Rekula, kama ilivyo kwetu kumpa mtoto jina la bibi yake aliye hai ili amfurahishe. Mama yangu alifurahi. Alituma zabibu mfuko mkubwa zaidi, na kitendawili kingine, ambacho bado sijakitegua.

Lakini siku ile ya barua mama mkwe hakuishia kwenye uzi. Alikwenda kabatini, akaitoa ile karatasi aliyoachiwa na mama yake, ambayo katika maisha yake yote hakuiongezea hata kitobo kimoja. Akaitandaza mezani juu ya punje za mchele zilizomwagika. Akachukua mkasi wangu mdogo, ule ule. Akatafuta kuba, akatafuta mlango, akaukata, akautoa wote, akaupuliza.

"Haya," akaniambia. "Lete unga wa makaa."